Sampuli ya Sita

4 Juni

Dada,

Salamu utazikuta mwishoni, kama karatasi itabaki. Nimekupigia juzi na jana, unapokea, unasema "niko kwenye mashine," unakata. Basi nimeamua kuandika. Barua haina kitufe cha kukata. Dereva anayeleta sampuli huko maabara kwenu amekubali kuwa tarishi wetu, ila amesema barua itakaa naye kiti cha mbele, haiingii kwenye boksi la barafu pamoja na vinyesi vya watoto wa watu. Nimemwambia hata mimi sikutaka iingie.

Kantini yangu hapa shuleni bado imefungwa. Wanafunzi wengi wamepata nafuu na homa imewaachia, lakini binti wa mlinzi wa lango bado amelazwa. Homa ya matumbo ilimtoboa utumbo, wakampasua. Baba yake anakuja kazini kama kawaida, anafungua lango, anafunga lango. Hanisemeshi, na simlaumu.

Lililonikalisha kuandika ni Shangazi, mpishi wangu. Siku ile ulisimama mbele ya kamati ya wazazi ukaeleza vizuri mno. Ulisema homa hii hupita kwenye mikono ya anayegusa chakula, na kwamba mtu huyo anaweza kuwa mzima wa afya, anabeba vimelea tumboni miaka na miaka, na mwenyewe hajijui. Vichwa vyote viligeuka kwenye kiti cha karibu na mlango, Shangazi amekaa pale na mkoba wake magotini. Nami nikataja haraka kwamba amepimwa na hana kitu. Ukanisahihisha mbele ya watu! Ukasema kipimo kimoja hakimsafishi mtu, kwa sababu vimelea hutoka leo, kesho havitoki. Sawa, wewe ndiye unayejua. Lakini tangu siku hiyo mwenyekiti amekaza uzi: kantini haifunguliwi mpaka mpishi aondolewe, au ithibitishwe kwamba si yeye.

Shangazi hakusubiri kuambiwa. Amefunga nguo zake, amehamia kwa binti yake. Mwanamke aliyetulea tangu mama alipofariki, aliyekuwa akituchana nywele huku anatupiga vibao vya kichwa tukitikisika. Ameondoka kwa mlango wa nyuma, Dada, ili majirani wasimwone.

Nimejaribu kukumbuka tulikosea wapi. Siku ya michezo, ambayo wote walioumwa walikula kwetu, palikuwa na wali, maharage na nyama, vyote vya moto mpaka vinaunguza ulimi, na matunda. Wewe mwenyewe ulikuwepo, ulikata matunda na kutusimanga kwa habari ya vitambaa vya jikoni. Uliona uchafu wowote?

Ombi langu ni moja. Mashine yenu mpya, ile unayoisifia kuliko mchumba, iseme ni nani. Kama si Shangazi, iseme kwa sauti, wasikie wote.

Karatasi imebaki kidogo: salamu.

Kitindamimba wako

*

7 Juni

Mdogo wangu,

Sikukati kwa dharau. Mashine ikianza kusoma haitaki mtu wa kuzungumza na simu pembeni, na mimi ndiye niliyekabidhiwa.

Acha nikueleze, ukamweleze na mwenyekiti. Zamani tulikuwa tunaotesha vimelea kwenye sahani, tunasubiri siku kadhaa, na mwisho wa kusubiri kote tunapata jibu moja tu: ndiyo, ni homa ya matumbo. Imetoka kwa nani, hatujui. Ni kama kuambiwa aliyekuibia ni binadamu. Sasa mashine inasoma vinasaba vya kimelea chenyewe, herufi kwa herufi, na kufikia kesho yake inakwambia hiki na hiki vimezaliwa tumbo moja, na kile ni cha ukoo mwingine kabisa. Vimelea vya wanafunzi vikifanana na vya mtu fulani, hapo hakuna cha "labda."

Kwa hiyo mwambie Shangazi asinune. Nahitaji sampuli zake nyingine mbili, siku tofauti. Najua anaona haya kumpa dereva kile kichupa, mwambie dereva amebeba vya wakubwa kuliko yeye. Niliyosema kwenye kamati nilipaswa kuyasema. Damu nzito kuliko maji, lakini maabara haimjui shangazi wa mtu, na siku itakapoanza kumjua, msiiamini tena.

Kuhusu uchafu: vitambaa vyako vya jikoni bado ni aibu ya ukoo, lakini sikuona kingine. Jikoni kwenu ni safi. Lililobaki ni mtu.

Nakuahidi, nikimpata nitamtaja, hata akiwa mke wa mwenyekiti. Na usilie, najua umelia.

Sabuni

*

11 Juni

Mkuu,

Pole na ugeni huko kwenye kituo kipya. Tumesikia unawafundisha mashine na wamekupa ofisi yenye feni isiyozunguka.

Nina habari njema na kero. Habari njema: vimelea vya wanafunzi wote tuliowapima ni vya tumbo moja. Chanzo ni kimoja, bila shaka yoyote.

Kero ni wewe. Unakumbuka mazoezi yetu mashine ilipofika, kila mmoja wetu alileta sampuli yake mwenyewe na kuokota namba kwenye kikombe, kwa ile desturi yako ya "anayepima wengine aanze na tumbo lake." Na tunajua desturi yako ya pili, kutia chambo: unachagua kichupa cha mmoja wetu kimyakimya, unakitia vimelea hai, uone kama tutavinasa. Safari ile tulivinasa, kwenye kichupa namba sita, ambacho ni changu. Tulipiga makofi, tukakupigia simu ukiwa msibani, tukakucheka. Tukavisoma mpaka mwisho kwa mazoezi na kuviacha kwenye kumbukumbu ya mashine.

Sasa mashine inadai vimelea vya wanafunzi ni sawasawa na vya kichupa cha sita. Maana yake chambo chako kimevuja, kimechafua meza au vifaa, na matokeo yangu yote yana doa. Tafadhali niambie ulikitoa kwenye akiba gani ili nikitenge, nirudie kila kitu. Nina haraka. Mpishi wa ile kantini ni shangazi yangu, na watu wameshamhukumu. Nataka nimsafishe au nimtie hatiani, lakini kwa haki.

Halafu, Mkuu, vichupa vyote vile ukachagua changu? Nakuona ulivyotabasamu.

Sabuni

*

15 Juni

Mwanangu Sabuni,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena.

Sikutia chambo. Wiki ile nilifiwa na kaka yangu, niliondoka alfajiri hata mlango wa maabara sikuufungua. Mliponipigia simu mkishangilia, nilijua hamjanasa cha kwangu. Nilidhani mmoja wenu amenisaidia kutega, nikanyamaza. Nilifurahi mnaniona mjanja hata nikiwa msibani. Hilo nitalijibu mimi, na nimeshamwandikia mganga mkuu wa wilaya kulisema.

Kwa hiyo kilichokuwa kwenye kichupa cha sita kilitoka kwako.

Najua unajua maana yake, wewe ndiye unayewafundisha wengine. Nenda kwa daktari kesho, utoe sampuli nyingine, mpe jirani yako wa meza aipime, si wewe. Waangalie na kifuko cha nyongo, mara nyingi hujificha humo. Kuna dawa, ni ya wiki nyingi lakini ipo. Mpaka utakapomaliza, usimpikie mtu, usimkatie mtu chochote. Usishike mashine wiki hii pia.

Na unisikie vizuri. Mbebaji ni mgonjwa, si mhalifu. Umeyasema hayo mbele ya watu mara ngapi? Sasa yaseme mbele ya kioo.

Feni bado haizunguki.

Mkuu

*

22 Juni

Dada,

Nimekaa siku kadhaa nikitafuta maneno ya adabu. Sikuyapata.

Jumapili ulikuja. Tulifurahi, mtoto alikuona tangu barabarani akakukimbilia amenyoosha mikono, na wewe ukarudi nyuma. Ulirudi nyuma, Dada, kama mtu aliyeona nyoka! Ukabaki mlangoni mikono ndani ya mifuko ya koti, jua lote lile. Nikakupa kisu unisaidie kumenya vitunguu, ukasema una haraka. Nikakupa maji, ukatoa chupa yako kwenye mkoba. Ulikuja na maji yako nyumbani kwangu! Hata kiti hukukalia. Ukauliza habari za binti wa mlinzi mara tatu, nikakwambia anakula uji sasa, ukaondoka bila kuaga.

Mtoto aliuliza, "Mama mkubwa amekasirika?" Nikamwambia hapana, anatuonea kinyaa.

Sema kama nimekosea. Wewe msomi, umeona vijidudu vyetu kwenye kioo chako, sasa kila ukitutazama unaviona vinatembea. Lakini mikono ya kwetu ndiyo uliyokuwa unalishwa nayo. Mwenyekiti akinikwepa naelewa, mwenyekiti si ndugu yangu.

Shangazi ametoa sampuli zote mbili ulizotaka. Uliwahi kumwona Shangazi akiona aibu? Alifunga kile kichupa kwenye mifuko mitatu na kanga juu, akampa dereva huku ametazama ukutani. Nilikwenda kumwona kwa binti yake. Anakula peke yake, ana sahani yake na kikombe chake, amevitia alama kwa rangi ya kucha ili mtu asivichukue kwa bahati mbaya. Wajukuu hawapakati. Mikono ameiosha kwa sabuni ya kufulia mpaka imechubuka, kwenye vifundo inatoa damu. Nikamwambia, "Shangazi, kipimo kimesema huna kitu." Akanijibu, "Dada yako alisema mwenye kuwa nacho hajijui. Mimi sijijui. Basi ni mimi."

Majibu yako yako wapi? Uliniahidi kesho yake, na kesho imekuwa ndefu mno. Mwenyekiti ameshaanza kuzungumza na mwenye kantini mwingine. Mimi naweza kuuza hata vitumbua barabarani, nitaishi. Shangazi atakufa na jina hilo.

Nimemaliza, na sikuombi radhi.

Kitindamimba

*

25 Juni

Mdogo wangu,

Pole kwa siku ile. Kazi ni nyingi na nilikuwa na mafua, sikutaka kumwambukiza mtoto.

Majibu bado hayajakamilika. Kuna mambo ya kuhakiki. Mwambie Shangazi aache sabuni ya kufulia, apake mafuta. Nimemtumia na boksi la glavu kwa mkono wa dereva zimsaidie kuosha vyombo.

Sabuni

*

26 Juni

Mkuu,

Imetoka tena. Jirani yangu wa meza aliipima, akaniletea majibu amekunja karatasi mara nne kama barua ya posa, akaniwekea mezani bila kunitazama. Ni vile vile, havikupungua hata herufi moja. Daktari ameona mawe kwenye kifuko cha nyongo. Dawa nimeanza.

Sasa nikwambie ambalo hukuuliza. Siku ya michezo shuleni nilikata matunda. Beseni zima. Wao walipika kila kitu mpaka kikachemka, na moto huua vimelea hivi, najua, nafundisha. Kitu pekee ambacho hakikupita motoni kilipita mikononi mwangu. Na nilinawa, Mkuu, naapa nilinawa, lakini kwa haraka, kwa sababu nilikuwa napiga kelele kuhusu vitambaa vyao. Binti wa mlinzi ana kovu kutoka kitovuni kwenda juu. Nimekwenda hospitali nikamwona kupitia dirishani. Sikuingia, ningejitambulisha kama nani?

Shangazi yangu anakula kwa sahani yenye alama. Nimemtumia glavu! Alipozipokea aliona nini, unadhani? Aliona nimethibitisha. Nilizituma nikidhani nafanya wema. Sina pa kuuweka uso wangu.

Kila siku naamka nikisema leo nitamwandikia, kisha nakumbuka nilivyosimama mbele ya kamati, kalamu mfukoni, nikimsahihisha mdogo wangu. Nyumbani wananiita Sabuni tangu utotoni. Ni mimi niliyekuwa nakagua kucha za wageni! Nikisema, watacheka mtaa mzima, na wanayo haki.

Nakuuliza kama mkuu wangu. Ripoti ni lazima itaje mtu? Naweza kuandika kwamba mbebaji amepatikana, anatibiwa, na si mfanyakazi wa kantini? Ni kweli tupu. Sampuli zote tatu za Shangazi ni safi. Atasafishika, nami nitabaki na langu.

Sabuni

*

30 Juni

Mwanangu,

Ripoti haitaji jina la mgonjwa, la kwako wala la mwingine. Huo ndio utaratibu na nitausimamia. Nimeisaini kama ulivyoiandika na nakala imeshakwenda shuleni. Binti wa mlinzi matibabu yake yote yatabebwa na idara, hilo pia nimeliomba na wamekubali. Hakuna atakayekulazimisha kusimama mahali popote.

Umeniuliza kama mkuu wako, nami kama mkuu wako nimejibu. Ungeniuliza kama mzee, ningekwambia kwamba ripoti ni ya kamati. Shangazi yako si kamati. Lakini hukuniuliza hivyo.

Kunywa dawa kwa saa zake. Ukisikia kichefuchefu, kula kwanza.

Mkuu

*

3 Julai

Dada,

Ripoti imefika! Mwenyekiti ameisoma kwa sauti mbele ya wazazi, "si mfanyakazi wa kantini," akairudia mara mbili kama anatafuna mfupa. Tunafungua wiki ijayo. Nilikuandikia vibaya, nisamehe. Bado sijasahau chupa ya maji, lakini nisamehe.

Nilikimbia kwa Shangazi na nakala mkononi. Nilidhani atapiga vigelegele. Aliisoma kwa miwani yake, polepole, kisha akaikunja akaiweka kifuani. Machozi yakamtoka. Akasema, "Mtoto wangu amenifichia."

Nikamwambia hapana Shangazi, hii ni mashine, ni sayansi. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. Akasema, "Kama wamempata huyo mtu, mbona hawamtaji? Sabuni aliahidi kumtaja hata akiwa mke wa mwenyekiti, ulinisomea mwenyewe. Na kwa nini anitumie glavu, kama si mimi? Kwa nini hakukaa kwenu siku ile? Aliyajua. Yule mtoto ameitia kazi yake hatarini ili anisitiri. Mungu amlipe."

Sasa anakuombea kila siku, kwa wema wako. Na hataki kurudi jikoni. Amesema umemsitiri mara moja, hatakuaibisha kwa kuua watoto wa watu mara ya pili. Jana mjukuu alianguka akaumia goti, akamkimbilia, na Shangazi akamwita mama yake aje kumnyanyua. Mtoto analia pale chini na bibi yake amesimama ameficha mikono mgongoni.

Dada, njoo umwambie. Anayesikilizwa ni wewe peke yako. Mwambie jina la mtu huyo hata kwa kunong'ona, nitaziba masikio yangu.

Kitindamimba

*

5 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii uisome wewe kwanza, ukimaliza umpe na mdogo wangu asome. Nimeiandika mara nyingi na kila mara nilianza na maelezo ya kitaalamu. Hii nimeamua isiwe nayo.

Ni mimi. Vimelea ni vyangu. Viko tumboni mwangu, sijui tangu lini, na mimi ndiye niliyewaambukiza wanafunzi kwa matunda niliyoyakata siku ya michezo. Wewe huna kitu na hujawahi kuwa nacho. Sikukufichia, Shangazi. Nilijificha mimi, nyuma yako.

Siku ile kwenye kamati sikuwa najua. Lakini nilipokuja kwa mdogo wangu nikakataa kumbeba mtoto, nilikuwa najua. Nilipotuma glavu nilikuwa najua. Nilisikia kwamba unatenga sahani na mikono yako inatoa damu, nami nikaandika nina mafua. Niliona haya. Sina sababu nyingine, nimeitafuta na haipo. Nilikuwa radhi ubaki na aibu isiyo yako kuliko mimi kubeba iliyo yangu.

Niliposikia unaniombea kwa wema ambao sikuufanya, nilichukua kalamu.

Nimemwandikia mwenyekiti pia, kwa jina langu. Na jana nilikwenda hospitali, nikaingia ndani, nikamwambia mlinzi wa lango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Sawa." Kisha akaniomba nitoke, binti yake alikuwa amelala.

Rudi jikoni, Shangazi, nakuomba. Mpakate mjukuu. Mimi nitakaa mbali mpaka dawa ziishe, na hata zikiisha sitakuja mpaka unitake. Ukitaka nisije kabisa, nitaelewa.

Sabuni

*

12 Julai

Sabuni,

Marahaba.

Barua yako niliisoma, nikacheka. Nisikufiche, nilicheka mpaka binti yangu akaja kuangalia kama nimepatwa na jambo. Wewe! Uliyekuwa unanusa vikombe vyangu! Nyani haoni kundule. Nikamwita mjukuu, nikamkalisha hapa magotini, nikamshika mashavu, nikamshika na masikio, mpaka akasema bibi unaniumiza.

Kisha nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo hadi leo hii ninapoandika. Nikwambie kwa nini, usije ukadhani ni kwa ajili ya matunda. Ulikata matunda kwa mapenzi, ulikuwa hujui. Hilo halikunichukua hata dakika moja kukusamehe. Mama yake yule binti na baba yake wana lao, nenda kwao tena, na tena, hata wakikufukuza.

Langu ni hili. Kwenye kamati uliongea kwa muda mrefu, na watu wote walinigeukia, nawe ukawaangalia wakinigeukia. Hukusema, "Yule ni shangazi yangu, yule ndiye aliyenilea." Hukuwa unajua una vimelea, lakini kwamba mimi ni wako ulikuwa unajua. Ungelisema hilo tu, kisha wakanipima hata mara mia, nisingeondoka kwa mlango wa nyuma. Wewe unadhani ulianza kunificha ulipopata majibu. Mimi nakwambia ulianza siku ile. Hilo sijalisamehe, na sitasema nimesamehe ili upate usingizi.

Sahani ile yenye alama nimeitupa. Jikoni nimerudi tangu Jumatatu. Mdogo wako vitambaa vyake ni vichafu kweli, hapo ulikuwa na haki.

Sasa unaniambia utakaa mbali. Na nimesikia kwa dereva kwamba unakula peke yako kwenye ngazi za nyuma za maabara, hukai na wenzako. Acha mara moja. Nimekula peke yangu wiki zote hizi, najua mtu anafikia wapi. Ilifika mahali nikawa naogopa hata kujikuna. Daktari wako amesema usipike, hakusema usile mbele ya watu. Utakaa mezani kwangu, sahani ile ile ya wote, na mimi ndiye nitakayepakua.

Nimekwambia nimekasirika, na nitakuwa nimekasirika siku nyingi. Lakini siwezi kukukasirikia vizuri kwa barua, mkono unachoka. Njoo Jumamosi. Pitia mlango wa mbele.

Shangazi yako